Kura ya Sauti Mama

Watu husema wapiga obo tuna wazimu kwa sababu ya kusukuma pumzi nyingi katika tundu dogo. Waache waseme. Mimi nimelipuliza tundu hilo miaka arobaini na akili yangu iko timamu, na mtu niliyemtia wazimu nilimtia kwa makusudi.

Obo, kwa asiyeijua, ni zumari jembamba jeusi lenye sauti ya bata aliyesoma. Kabla ya kila zoezi, mpiga obo mkuu hutoa sauti moja ndefu, na wenzake wote hukaza au kulegeza ala zao mpaka zilingane nayo. Katika okestra yetu, hapa kando ya mto Loire, sauti hiyo tunaiita sauti mama. Wakurugenzi waliwahi kutaka kazi hiyo ifanywe na kisanduku cha umeme cha kutoa na kupimia sauti, eti kisanduku hakiugui wala hakidai likizo. Tuligoma siku tisa kwenye mvua. Tulichoma matairi mbele ya ukumbi, na Solange wa kinubi, mama wa watoto wanne, akamtupia naibu meya jibini zima. Tukashinda. Ndipo kikaandikwa kifungu cha kumi na moja cha kanuni zetu: sauti mama hutolewa na obo, haipimwi, haipingwi, na mwanachama atakayekutwa na kisanduku ukumbini ni msaliti.

Kwa hiyo walikuwepo watu sitini, wengine na shahada tatu tatu, walioapa kwamba kweli ni ile inayotoka mdomoni mwangu. Hata Papa wa Roma huwa anaulizwa maswali.

Siku jina la kiongozi wetu mpya, Maestro wa kutuongoza kwa kijiti, lilipobandikwa ubaoni, nililisoma mara mbili kisha nikakaa juu ya sanduku la ngoma. Anselme Courtade.

Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipomwona mara ya kwanza. Baba yangu, Lucien Fauchereau, alikuwa muuza utumbo sokoni Roanne, na Jumamosi ile alifunga meza yake, jambo ambalo hakulifanya hata alipozikwa mama yake, akanipeleka Lyon kwenye mtihani wa kuingia chuo cha muziki. Aliketi kwenye ukumbi wa nje, kofia magotini, nyuma ya mlango mwembamba. Courtade alikuwa mkuu wa majaji, kijana wa koti la mahameli. Nikapiga noti nne. Akainua kidole.

"Msichana, uko chini. Anayefuata."

Basi. Kwa mwanamuziki, kuwa chini ni sauti yako kutoifikia noti inayotakiwa. Wenzake wakacheka, si kwa ubaya, ni kile kicheko cha watu wanaongojea chakula cha mchana. Baba alisikia kila kitu. Kwenye treni alifungua mkate na soseji, akanipa kipande kikubwa. Tangu siku ile hakuingia tena chumbani nikiwa nafanya mazoezi. Alikuwa akibisha hodi kwanza, kama anaingia kwa mgonjwa. Nilipata chuo kingine, mji mwingine, nikapanda ngazi moja moja mpaka kiti cha mbele. Haikusaidia kitu. Wiki yake ya mwisho hospitalini nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, akamwambia muuguzi, "Huyu binti yangu anapiga obo kwenye okestra kubwa. Yuko chini kidogo, lakini wamempokea." Alhamisi akafa.

Mtu anaweza kusamehe mengi. Hilo mimi lilinikaa kooni.

Courtade hakunikumbuka. Alinibusu mashavu yote mawili, akasema, "Bi Fauchereau, nimefurahi," na papo hapo akaanza kusimulia habari za sikio lake. Sikio lile lilikuwa na sifa kuliko mwenyewe. Birika likichemka alikuambia linaimba noti gani. Mgahawani aligonga glasi kwa ukucha kabla ya kunywa, na isipompendeza aliirudisha. Mke wake wa kwanza, watu walisema, aliondoka siku Courtade alipomwandikia mama mkwe barua ya kumtaka abadilishe kengele ya mlango. Nilimsikiliza nikitabasamu, huku nikijisemea: haya bwana, nitakula nawe kwa sahani hiyohiyo.

Obo hupulizwa kwa utete, yaani vipande viwili vya tete la kusini vilivyofungwa kwa uzi, na kila mpigaji hujichongea mwenyewe kwa kisu. Ukikata ncha kidogo, sauti hupanda. Kila Jumatatu asubuhi nilikata unywele mmoja. Ndani ya kopo la pipi za koo nilificha kisanduku kilekile nilichokigomea siku tisa, nikawa napimia chooni. Septemba sauti mama ilikuwa mitetemo mia nne arobaini na mbili kwa sekunde, kama inavyotakiwa. Jumatatu iliyofuata niliongeza robo ya mtetemo. Iliyofuata, robo nyingine. Na wenzangu sitini, kila Jumatatu, wakakaza nyuzi zao kwa utiifu wa kondoo. Nilikuwa msaliti wa kifungu cha kumi na moja na nilijisikia vizuri kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

Wiki ya tatu Courtade aligusa sikio. Wiki ya tano aliuliza kama kuna mtu amefungulia redio. Wiki ya saba alitupa kijiti chake chini katikati ya zoezi.

"Simamisheni! Tuko juu!"

"Juu ya nini, Maestro?" aliuliza Odile Pruvost. Odile hupiga besi, ile fidla kubwa kuliko mwanamume, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi.

"Sauti yetu. Sote tumepanda. Mtetemo mmoja na... na robo tatu hivi."

Ilikuwa mmoja na robo tatu kamili. Nilijifanya nasafisha obo.

"Maestro, unapinga sauti mama?"

"Sipingi mtu, bibi, nasema tu kwamba..."

"Kifungu cha kumi na moja hakina 'nasema tu'. Kuna watu waliloa mvua kwa ajili ya kifungu hicho. Huyu Solange hapa alipata kichomi."

"Na jibini likaenda bure," alisema mtu kule kwenye tarumbeta.

"Ghislaine," Odile akanigeukia, "eti mwenzetu, uko salama?"

"Mimi? Niko kama kawaida, dada."

"Umesikia, Maestro. Yuko kama kawaida. Haya, saa sita kasoro dakika tano, na saa sita watu wanakula."

Wakaenda kula. Nchi hii unaweza kumpindua mfalme, lakini si saa sita mchana.

Shida ilimpata Fulgence Lemerle, mpiga kengele. Kengele zake ni vipande vya chuma vilivyopangwa mezani, na chuma hakikazwi kikapanda. Sisi tukapanda, yeye akabaki palepale, ikawa yeye ndiye mwenye kosa. "Fulgence baba, kengele zako zimepoa," wakamwambia. Maskini akaamini. Akawa anaziweka juu ya kipasha joto, anazifunika kwa skafu ya mkewe. Chuma kikipata moto sauti hushuka, kwa hiyo kadiri alivyozitunza ndivyo zilivyozidi kudidimia. Januari aliziombea likizo ya ugonjwa. Ofisi ikataka cheti cha daktari, naye akakipata, sijui wapi. Kinanda, ambacho nacho hakikazwi kwa siku moja, kingeweza kuniumbua, ila tulikuwa nacho kimoja tu, na kilifungiwa ghalani kwa sababu idara mbili za jiji zilikuwa zinabishana ni ipi yenye mamlaka juu ya magurudumu yake.

Nyuzi zikaanza kukatika. Kila wiki fidla mbili tatu zililia *tang!* na wenyewe wakalaumu baridi. Waimbaji wa kwaya, wale kina mama wa sauti ya juu, walitoka jukwaani wamegeuka bluu. Kila mtu alikuwa na wa kumlaumu: hali ya hewa, meya, vipasha joto vya serikali. Courtade peke yake ndiye aliyejua, na kadiri alivyojua ndivyo alivyoonekana punguani. Desemba alisema, "Mitatu sasa." Ilikuwa mitatu. Mwisho wa Januari alishuka jukwaani akilia, "Minne na nusu! Jamani, minne na nusu!" Nilikimbilia chooni nikafungua kopo langu. Minne na nusu. Akakonda. Akaanza kuziba masikio kwa nta anapokula supu.

Na mimi nilifurahi, sisemi uongo. Nilikuwa narudi nyumbani nikipiga mluzi.

Kisha ikaja siku ya dengu. Tulikuwa kantini, Machi, dengu na soseji, nami nimekaa peke yangu kwa sababu watu walikuwa mezani kwa Odile wakipanga mgomo wa vipasha joto. Courtade akaja na sinia yake.

"Bi Fauchereau, naomba kukaa."

"Kaa, Maestro. Kiti si cha mtu."

Akakaa. Hakugonga glasi.

"Nimeenda kwa daktari wa masikio. Anasema masikio yangu hayana tundu wala usaha. Lakini anasema watu wenye sikio kama langu, umri ukienda, huanza kusikia kila kitu kimepanda. Kumbe ninyi wote mko sawa. Ni mimi."

"Pole sana, Maestro."

"Sikiliza, mama. Tatizo ni kwamba sijui ulianza lini, huu ugonjwa. Labda mwaka huu. Labda nilikuwa nao tangu ujana. Nimekuwa jaji miaka arobaini. Nimewarudisha watoto nyumbani kwa sikio hili." Akasogeza sinia kando. "Kwa hiyo nawaandikia. Mmoja mmoja. Nimefika mia mbili na kumi na moja."

"Barua?"

"Za kuomba radhi. Mmoja ni wakili Dijon. Mwingine daktari wa mifugo kule Aurillac, amenitumia paja la nguruwe. Mtawa mmoja amejibu, anasema anashukuru, lakini kwa haki ya Mungu alikuwa mbovu." Akatia mkono kotini akatoa bahasha. "Na hii ni yako. Nimekuta jina lako kwenye daftari la Lyon. Kwa nini hukuniambia?"

Nikaifungua. Ilisema hivi: *Siku ile nilikuambia uko chini. Sikio langu ni gonjwa, na bila shaka wewe ulikuwa sawa. Nakuomba radhi wewe, na yeyote aliyekusindikiza.*

Miaka thelathini na mbili nimeingoja karatasi hiyo. Ningepanda juu ya meza nicheze. Badala yake nilirudisha kijiko cha dengu sahanini. Maana nani alilijua sikio lile kuliko mimi? Nililipima kila wiki. Halikuwahi kukosea hata robo. Nimezunguka nchi hii nikipiga na watu wa kila aina, sijakutana na sikio zima kama lile. Na kama lilikuwa zima hivyo kwa mzee wa miaka sitini na minane, lilikuwaje kwa kijana wa thelathini na sita?

"Mbona huli?" aliniuliza.

"Nimeshiba, Maestro."

"Kamati imekubali kikao Ijumaa," akasema. "Utatoa sauti mama, mimi nitasema naisikiaje, wao watapiga kura. Nikitofautiana nao naondoka."

"Na usipotofautiana?"

"Nitatofautiana, mama. Najijua."

Ushindi ulikuwa umepikwa na kupakuliwa. Kazi yangu ilikuwa kuja Ijumaa na utete wangu wa mitetemo mia nne arobaini na nane, yeye aseme iko juu, wao waseme iko sawa, na Jumatatu tupate kiongozi mwingine. Lakini barua ile nilikuwa nayo mfukoni siku nzima ya Jumatano na siku nzima ya Alhamisi, na nitasema wazi nilichotaka. Nilitaka kujua. Je, niko chini? Nilikuwa chini siku ile, na chini maisha yangu yote, kama alivyokufa akiamini baba? Kisanduku hakingenijibu, kisanduku kinakuonyesha mshale, nawe unaufukuza mpaka ukae katikati. Nilitaka kupuliza kwa sikio langu mwenyewe, bila kupima, na nisikie hukumu. Na mtu wa kunihukumu Ufaransa nzima alibaki mmoja, kwa sababu wengine wote nilikuwa nimewaharibu.

Alhamisi nilichonga utete mpya, mrefu. Kopo la pipi nikaliacha nyumbani.

Ijumaa saa nne asubuhi tulikuwa wote ukumbini. Odile alisimama mahali pa kiongozi, karatasi ya ajenda mkononi. Ajenda ya kwanza ilikuwa vipasha joto, ya pili Maestro. Vipasha joto vilichukua saa nzima. Kisha Courtade akaketi kwenye kiti cha mbao katikati, ametugeuzia mgongo, na Odile akaniashiria.

Nikafumba macho. Nikaitafuta ile sauti ya zamani, mahali ilipokuwa Septemba, kwa kukisia tu, kama mtu anayetafuta swichi gizani katika nyumba aliyohama. Nikapuliza.

Nyuso za wenzangu zikakunjana kama wameonja maziwa yaliyoganda. Solange akasema, "Mh!" Lakini mabega ya Courtade, ambayo tangu Oktoba yalikuwa karibu na masikio, yalishuka. Yalishuka polepole mpaka mahali pake. Akageuka, na alikuwa analia.

"Hapo," alisema. "Hapo hapo! Mia nne arobaini na mbili, si unywele juu, si unywele chini. Mungu wangu. Bi Fauchereau, hiyo ni safi kama maji ya kunywa."

Nilitaka nimpigie baba simu, na baba ana miaka kumi na moja kaburini. Sikuwa chini. Sikio lile lisilokosea lilikuwa limenisikia na halikuinua kidole. Furaha ilinijaa mpaka nikaona aibu, nikainamisha uso kwenye obo.

Kule nyuma Fulgence alirukaruka. "Imelingana na kengele zangu! Sikilizeni!" Akagonga kengele, nayo ikalia sauti ileile, mama na mtoto.

"Fulgence, kaa chini," alisema Odile. "Kengele zako ni wagonjwa, cheti tunacho." Akakohoa. "Makomredi, mmesikia wenyewe. Maestro anasema iko sawa. Wanaosema iko chini, mikono juu."

Mikono ikapanda. Fulgence aliutazama wake muda mrefu, kisha akaupandisha. Odile akahesabu kwa kalamu.

"Sitini. Ghislaine, umebaki wewe."

"Mimi si ndiye niliyepiga?"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, mwenzangu. Kifungu cha kumi na moja: sauti mama haipingwi. Sisi hatuna ruhusa ya kuipinga, tutakuwa tumevunja kanuni yetu wenyewe, na kura itabatilika. Mwenye obo peke yake ndiye anayeweza kusema imekosea. Umetoka chini leo, si ndiyo? Mafua?"

"Sina mafua."

"Sasa wee, fikiria basi. Kama ile ilikuwa sawa, sisi sitini tuko juu. Tangu lini? Na nani katupandisha?"

Vichwa sitini vikanigeukia. Solange alikuwa na mfuko miguuni, na kwa haraka nilijiuliza umebeba jibini gani. Courtade naye alinitazama, macho bado yana maji, ananisubiri kama mtu aliyeshika mlango ili mwenzake apite. Neno moja lingetosha. *Ilikuwa sawa.* Angebaki na sikio lake, nami ningebaki na hukumu yangu, ya kweli, iliyotoka kwa yule yule. Na wangenifukuza kabla ya saa sita, na mji mzima ungejua nilichofanya, na kisa changu chote tangu Roanne kingeishia kwenye mfuko wa Solange.

Niliogopa. Hakuna neno zuri zaidi la kuliweka mahali pake.

Nikainua mkono.

"Sitini na mmoja," alisema Odile, akaandika. "Obo imekiri iko chini. Maestro, tunakushukuru kwa kazi yako. Saa sita imefika, makomredi, leo kuna samaki."

Viti vikakwaruza sakafu, watu wakatoka wakizungumzia samaki. Courtade aliokota koti lake, akavaa mkono mmoja, akasahau wa pili. Alipopita mbele yangu alisimama.

"Nisamehe, mama," alisema kwa upole wote. "Nimekusifia mbele za watu kwa sikio bovu. Nilisema ilikuwa safi, kumbe ulikuwa chini. Naifuta ile sifa, isije ikakupotosha."

Yeye alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, mahali fulani, kisha akanigusa kiwiko taratibu.

"Shusha mkono sasa, Bi Fauchereau. Wameshahesabu."